Baiskeli ya Milimani na Mguu wa Dada

Mume wa dada yangu ni dobi, na sisemi hivyo kwa kumshusha, maana mimi mwenyewe nashona sare za shule na cherehani yangu haijawahi kunipa cheo. Anafanya kazi kwenye jengo refu la mabati ambako mashuka ya hoteli na makoti ya hospitali hufuliwa kwa mashine, kisha yeye na wenzake huyanyoosha kwa pasi za mvuke, wamesimama kutwa nzima. Wenzake wanamwita Mstari, kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake hutoka na mstari wa mbele unaoweza kukata limau. Ni mtu mpole kupita kiasi. Mimi nimeumbwa kwa pilipili, kwa hiyo upole wake umekuwa ukiniudhi tangu siku alipokuja kuposa, ingawa nikiulizwa ni nani ningependa anizike, nitamtaja yeye.

Dada alipatwa na kiharusi akiwa anaosha vyombo. Shemeji alimkuta ameegemea beseni, mdomo umekwenda upande, anajaribu kumwambia kitu kuhusu sabuni. Hospitali walimrudisha nyumbani akiwa hai, nasi tukashukuru, lakini upande wa kushoto ulikuwa umegoma: mkono kidogo, mguu kabisa. Tukaelekezwa kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya bonde, binti mwenye mikono yenye nguvu na maneno yasiyozunguka. Alituambia kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Sasa hivi mguu bado unasikia ukiitwa, alisema. Mkiuacha utazoea kulala, na baadaye mtauita mpaka sauti ziwakauke. Dada alitakiwa afike pale siku moja baada ya nyingine, bila kukosa.

Kusema ni rahisi. Nyumba yao iko juu ya kilima, zahanati iko juu ya kilima kingine, na katikati kuna mto wenye daraja jembamba lisilopitisha gari. Basi huzunguka mbali, unabadilisha njiani, na ngazi yake ya mlangoni iko juu kiasi kwamba hata mimi mwenye miguu mizima hujivuta kwa kushika chuma. Tulijaribu pikipiki. Safari ya kwanza tu, mguu ule uliolala uliteleza kutoka mahali pake ukakaa juu ya ekzosi, na kwa kuwa dada hakusikia chochote, dereva aliendelea kuendesha mpaka zahanati, na huko ndiko tulikoiona ngozi ilivyoungua. Dada hakulia, kwa sababu hakukuwa na maumivu ya kumliza. Aliyelia ni shemeji. Tangu hapo dada akasema pikipiki hapandi tena, hata iwe ya kwenda peponi.

Ikabaki baiskeli. Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu anaitwa Fundi Kesho, na sina haja ya kueleza kwa nini. Alimwambia shemeji kwamba kwa kazi ya kubeba mtu mzima atafute baiskeli nzito ya chuma, zile nyeusi za zamani zenye breki za fimbo na karia ya kubebea gunia. Alisema ipo moja inakuja, mwenyewe anahama mji, itafika mwisho wa mwezi. Shemeji alimwamini Fundi Kesho kama watu wote wanavyomwamini, yaani hakumwamini hata kidogo. Siku zilikuwa zinapita na dada alikuwa amekwisha kukosa mazoezi mara kadhaa.

Ndipo akaniomba nimsindikize kwenye lile duka kubwa la ghorofa, linalouza kila kitu kuanzia mito ya kulalia mpaka majokofu. Baiskeli zilikuwa zimepangwa kati ya vitanda na masufuria, chini ya taa kali, nyekundu na bluu, tairi nene zenye meno, springi mbele na springi nyuma, na gia chungu nzima. Kibao kilisema ni baiskeli za milimani, na bei ya zamani ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu ili mtu ajione mjanja. Muuzaji, msichana mwenye kucha ndefu, alituhakikishia kwamba ukiweka gia ndogo kilima kinajipanda chenyewe. Mimi nilijisemea kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilikuwa inatembezwa kwa kila hali. Nikainama nikasoma karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya fremu. Ilisema isiendeshwe kwenye njia mbovu wala isibebe mzigo.

Nikamwonyesha shemeji. Nikamwambia nimeona mengi, lakini baiskeli ya milimani inayoogopa mlima sijapata kuiona. Akaisoma, akaikwaruza kidogo kwa ukucha, akasema hayo ni maandishi tu ya kujikinga, kama dawa ya mafua inavyokukataza kuendesha gari. Nikamwambia angoje ya Fundi Kesho. Hapo akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu yule amekaza taya.

"Shemeji," alisema, "mguu haungoji fundi."

Watu wengi baadaye walimcheka, wakasema rahisi ni ghali, wakasema haraka haraka haina baraka, na kila aliyesema hivyo nilitamani kumchoma sindano. Shemeji hakudanganywa na rangi. Alinunua kile kilichokuwepo siku ile, kwa sababu siku ile ndiyo aliyoihitaji.

Shida ya kwanza ilikuwa karia. Baiskeli isiyo na karia ni pambo, na hii ilikuwa na springi pale pale karia inapotakiwa kukaa. Tukaipeleka kwa Fundi Kesho atuchomee. Aliigonga fremu kwa kidole, akatega sikio, akasema hawezi kuigusa kwa moto, chuma chenyewe chembamba kama kopo, atatoboa. Akaturudishia na kuendelea kuziba pancha ya mtu mwingine. Shemeji alihangaika mpaka akapata karia ya kubana kwenye nguzo ya kiti. Akaifunga kwa waya za kutundikia makoti alizookota kazini, akaweka ubao juu. Mimi nikashona mto mnene wa kukalia na mkanda wa kufungia mguu wa kushoto usiende popote. Dada alipokaa pale mara ya kwanza alituuliza kama harusi ni leo.

Basi wakaanza kwenda. Shemeji aliomba kazini aingie alfajiri ili mchana apate nafasi, na mimi niliiacha cherehani yangu nikawafuata, maana kwenye mlima wa pili lazima mtu asukume kwa nyuma. Hapo ndipo nilipoijua baiskeli ile. Kila shemeji alipokanyaga pedali, baiskeli ilizama na kuinuka kama godoro, na nguvu yake yote iliishia kwenye springi. Gia ndogo ya yule msichana wa kucha iliangusha mnyororo kila ilipoguswa, kwa hiyo tuliiacha kwenye ile moja iliyokubali kutulia. Watoto walitufuata wakiimba. Dada alimshika mumewe mkanda wa suruali kwa mkono wake mzima, na aliona aibu mwanzoni, kisha akaacha kuona.

Na mguu ukaitika. Siku moja yule binti wa mazoezi alimwambia dada ajaribu kukunja vidole vya mguu kama anaokota leso, na kidole gumba kikasogea. Kilisogea kidogo tu, lakini wote tulikiona. Shemeji alipiga magoti pale sakafuni akakitazama kidole kile kama mtu anayesubiri simu ilie, na kiliposogea tena akakibusu mbele ya wagonjwa wote. Tulirudi nyumbani tukiwa matajiri. Njia nzima dada alituamuru tuzungumze habari za kidole tu.

Furaha ya maskini haina miguu mirefu. Pedali ya kulia ilianza kucheza, kisha mkono wote wa chuma unaoishikilia ukawa unatoka, ukiuingiza na kuubana, unakwenda hatua chache unatoka tena, kwa sababu chuma chake kilikuwa laini na tundu limeshakuwa pana. Spoki zilikatika moja baada ya nyingine. Rimu ya nyuma ikapinda, ikawa inasugua breki, shemeji akailegeza breki ili gurudumu lizunguke. Kila alfajiri kabla ya kazi alikuwa ukumbini na spana, anakaza vitu ambavyo jioni vilikuwa vimelegea tena. Vidole vyake, vilivyokuwa safi kama vya daktari kwa sababu ya mashuka meupe, vikawa vyeusi kwa grisi isiyotoka. Kazini alisinzia wima akaunguza shuka, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, na msimamizi akamwambia likitokea tena aende akalale nyumbani moja kwa moja.

Nilimwambia apumzike. Aliniambia goti limeanza kuitika. Kila nilipotaka kubishana aliniletea goti.

Halafu mwisho wa mwezi ukafika, na Fundi Kesho akaja mlangoni akiikokota baiskeli nyeusi ya chuma. Mara moja katika maisha yake mtu yule alitimiza ahadi, na alikuwa amekuja kuitimizia kwetu. Ilikuwa na karia pana, kengele inayolia, na uzito wa ng'ombe. Shemeji aliishika usukani, akaipapasa karia, akamwambia kwamba kwa sasa hana uwezo, amuuzie mtu mwingine. Fundi Kesho alitazama ile nyekundu iliyoegemezwa ukutani, kisha akatazama waya za makoti. Sijui kwa nini, lakini ningependa angetukana. Aliondoka nayo, na jioni tulimwona muuza maziwa akipita juu yake.

Siku iliyoimaliza baiskeli ile ilikuwa ya mvua nyepesi. Tulikuwa tunashuka kuelekea darajani, mimi nikiwa nyuma kwa mbali, maana kushuka hawakunihitaji. Nikaona wanaongeza mwendo. Nikamsikia shemeji akimwambia dada ashike sana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwomba chumvi. Alikuwa anaminya breki, na breki haikuwa na la kusema. Badala ya kwenda nayo mpaka darajani alikata usukani akaingia kwenye ukuta wa matope wa kando ya njia, bega lake likitangulia. Nilipofika, gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama sinia lililokaliwa, fremu imeachana pale springi inaposhika, na shemeji yuko chini, dada juu yake, mguu umefungwa bado kwenye mkanda wangu. Dada hakuumia. Shemeji alisema naye hakuumia, na mimi mjinga nikamwamini.

Kesho yake tulibeba vipande mpaka duka kubwa. Msichana wa kucha alimwita bwana mmoja mwenye tai, na bwana mwenye tai akaizunguka baiskeli akiwa ameweka mikono nyuma. Akauliza ilikuwa ikitumika kwa kazi gani. Shemeji, badala ya kusema uongo mdogo kama watu wengine, akamweleza yote, kuanzia kiharusi mpaka kidole gumba.

"Mzee wangu, hizi si za kubeba watu," alisema yule bwana. "Hizi ni za mazoezi."

"Na mimi nilikuwa nampeleka mtu mazoezini," alisema shemeji.

Hakusema kwa kejeli, kejeli hana. Bwana yule alitikisa kichwa akasema waranti haigusi matumizi ya namna hiyo. Shemeji akamwambia hadai pesa yake. Anaomba tu wamwazime yoyote, hata ya mtoto, hata iliyokwaruzika, ataisukuma kwa mkono mke wake akiwa juu, na miezi hii ikipita atairudisha ameisafisha. Alisema hayo akiwa ameshika kiganja cha yule bwana kwa mikono yake miwili ya grisi, na bwana yule alikuwa anajaribu kukitoa bila kuonekana mkorofi. Watu waliokuwa wakichagua mito walisimama kutazama. Mimi nilifungua kinywa nikalipasua duka lile kwa maneno ambayo siyarudii hapa, mpaka mlinzi akaja akatuomba tutoke. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, lakini hawasemi jinsi inavyouma kumtazama mtu mpole akitapatapa.

Nyumbani tulimkuta dada amevaa tayari, amekaa mlangoni, kiatu cha kushoto nimekwisha kumvalisha tangu asubuhi. Hakuuliza baiskeli iko wapi. Shemeji alimgeuzia mgongo, akachuchumaa, akamwambia apande. Nikadhani ni mzaha. Alimbeba mgongoni, akashuka naye bonde, akavuka daraja, akapanda mlima wa pili akipumzika kila baada ya nguzo ya umeme, na mimi nyuma nikimshikilia dada makalio ili uzito usimvute shemeji nyuma. Dada hakuwa mwembamba, na ninasema hivyo kwa mapenzi. Tulifika tumechelewa, binti wa mazoezi akatupokea hivyo hivyo.

Aliendelea hivyo siku baada ya siku, na kila siku alikuwa mfupi zaidi. Sikosei nikisema mfupi. Mgongo ulikuwa umeumia pale ukutani, naye alikuwa ameuficha, na sasa ulianza kumkunja. Kazini alipiga pasi akiegemea meza kwa kiwiko. Alikuwa akifika zahanati anakaa kwenye ngazi ya nje, hawezi kuingia, na alipojaribu kuinuka alitumia ukuta. Nilikuwa na hofu ya kweli kwamba nitabaki na watu wawili wasiotembea ndani ya nyumba moja.

Siku ya mwisho niliingia na dada peke yetu. Goti lilikunjuka mara mbili bila kusaidiwa. Yule binti alifurahi, akasema hapa sasa ndipo pa kukaza, msiache, mkiongeza hii miezi michache tu anaweza kutoka hapa kwa fimbo. Dada alimshukuru. Kisha akaomba nimpeleke dirishani, na kutoka pale tulimwona shemeji chini kwenye ngazi, ameinama, paji lake la uso limegusa magoti, anajisugua kiuno kwa ngumi akidhani haonekani. Dada alimtazama kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nitasema kitu huko nje. Wewe ukiulizwa, kubali."

Nikamwambia sikubali kitu nisichokijua, ingawa nilikuwa nimeshakijua. Nikamwambia fimbo, dada, amesema fimbo. Akasema amesikia. Akasema mguu ni wake na mgongo ule pia ni wake, na kati ya viwili hivyo anachagua yeye.

Tulipofika kwenye ngazi shemeji alijikunjua haraka akajifanya alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Dada akamwambia, "Mwenzangu, tumemaliza. Wamesema mguu umefika unapofika, tusije tena."

Shemeji alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuogopa macho ya mtu kama siku ile.

"Wamesema hivyo, shemeji?"

"Wamesema," nikajibu.

Akafunika uso kwa viganja vyake vyenye weusi wa grisi akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Alisema kwa hiyo hatukuchelewa, tulimfikisha kwa wakati. Alimshukuru Mungu, akanishukuru mimi kwa kusukuma, kisha akachuchumaa akambeba mkewe kwa mara ya mwisho, na mlima ule alioupanda akikata roho akaushuka akipiga mluzi.

Mgongo ulipona, pole pole. Mguu haukupona. Vidole vinacheza, goti limerudi kulala, na dada anazunguka nyumbani kwa kushika kuta, upande mmoja ukiburutika. Shemeji anaamini hiyo ndiyo sehemu ambayo mguu ule ulipangiwa kufika, naye anaitunza kama zawadi, anaukanda kila jioni kabla ya chakula.

Juzi nilikuwa kwao nikipima mapazia. Akaja jirani, kijana anayeuza mayai, anataka kununua baiskeli. Ameziona kule duka kubwa, za milimani, bei imekatwa kwa wino mwekundu. Alimuuliza shemeji kama zinafaa. Shemeji akaweka kando mguu wa dada aliokuwa akiukanda, akafikiri kwa haki kama anavyofikiri kila kitu.

"Watu wanazisema vibaya," alisema. "Ni kweli ni laini. Lakini yangu mimi ilimbeba mke wangu, kipande kidogo tu nikamalizia mgongoni, mpaka walipomwambia imetosha. Sijui baiskeli gani ingefanya zaidi."

Dada alikuwa anatazama sakafu. Kijana hakuridhika. Akanigeukia, kwa sababu mtaa mzima unajua ulimi wangu, akaniambia, na wewe mama, wewe uliyekuwa unasukuma, unasemaje. Shemeji naye akanigeukia akitabasamu, anangoja niseme.

Nikamwambia kijana yule amsikilize shemeji yangu.